Neno Boi Sebuleni mwa Mwanangu

Neno "boi" tuliachiwa na Waingereza. Kwao ni mtoto wa kiume. Kwetu sisi tulioishi mashambani mwao, boi alikuwa mwanamume mzima anayewapikia, anayewafulia, anayewang'arishia viatu. Mume wangu aliitwa boi akiwa na mvi. Mzungu alimwita hivyo, na mke wa mzungu, na kitoto chao ambacho mume wangu ndiye aliyekuwa akikiosha matako. Mbwa wao walikuwa na majina, na nayakumbuka yote hadi leo. La mume wangu hawakuwahi kuliuliza.

Sasa juzi mimi na jamaa zetu tulitoka Arlington, hapa Texas, tukaenda mji wa Katy kwa mwanangu mkubwa, maana binti yake anaposwa. Mchumba ni Mkongomani, anafanya kazi kwenye ghala huko Dallas. Alikuja na wazee wake, na blanketi langu mikononi. Ndivyo mila yetu ilivyo: nyanya asipopokea blanketi, hakuna kuzungumza mahari, hata kama nje joto linayeyusha lami.

Kabla hajanifikia, mjukuu wangu akamsifu, akasema huyu hupika na kuosha vyombo bila kuombwa. Mwanangu akacheka.

"Basi tumeletewa boi. Sasa tutapumzika."

Watu wetu wakaangua kicheko. Wazee wa Kongo hawakucheka. Wabelgiji nao waliwaita baba zao neno hilohilo.

Nikarudisha mikono mapajani, blanketi nisilipokee. Mwanangu akaninong'oneza kwa lugha ya nyumbani nisimwaibishe mbele ya wageni, ati ni mzaha, ati huku Marekani watu huitana hivyo na hakuna anayekasirika.

Nikamjibu kwa Kiswahili, wote wasikie. "Baba yako alikusomesha kwa kuitwa hivyo. Mwite huyu kwa jina lake, ama nikakae kwenye gari."

Mwanangu hakulijua jina hilo. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kulia. Ikabidi mwanangu amgeukie mtu anayekuja kumwoa bintiye, amwulize anaitwa nani.

Mchumba akamwambia polepole, jina lake na la baba yake. Mwanangu akalivuruga. Nikamfanya alirudie, na tena, mpaka wale wazee wakaitikia kwa vichwa. Ndipo nikanyoosha mikono, nikafunikwa blanketi mabegani. Jasho lilinitiririka, na hasira yangu ilikuwa palepale.