Vitunda Vibichi vya Mama

Nikisikia harufu ya maji yaliyooshewa samaki mkavu, yakimwagwa kwenye udongo wa kivulini, moyo wangu hurudi uani kwetu Newala. Maji yalikuwa ya shida, msomaji wangu, na kwetu hayakumwagwa hovyo. Yaliyoosha mchele yaliosha vyombo, kisha yakaenda kwenye mti wa baba. Hata mgeni alinawia mikono palepale.

Ulikuwa mti mfupi wa kichaka, chini ya mkorosho nyuma ya jiko, pasipofika jua. Baba aliutoa mche wake kwenye bustani ya misheni kule Masasi. Majani yalikuwa ya kijani mwaka mzima, na vitunda vyake vikiiva vilikuwa vyekundu kweli, ila haviliwi. Mama Hadija, jirani yetu, alizoea kutania.

"Mama Somoe, maji yote hayo kwa kitu kisicholiwa?"

"Kinaliwa na macho, dada."

Somoe ni mimi. Mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, baba alipata kazi kwa mmoja wao, akapanda lori la magunia. Vitunda ndiyo kwanza vilikuwa vinatokeza. Alivigusa, akamwambia mama, "Vikiwa vyekundu, nimesharudi."

Vilipoanza kuiva mama alisukwa nywele, akaazima sufuria kubwa ya wali. Viliiva, vikanyauka, vikaanguka. Baba hakuja, wala salamu zake.

Msimu uliofuata mama alivichuma vyote vikiwa vibichi. "Vina sumu, mtakula," alisema. Nilikasirika, maana hatukuwahi hata kuvionja, na uani kwetu hapakuwa na kingine cha kupendeza. Lakini mti aliumwagilia vilevile, hata siku tulizolala na vumbi miguuni.

Kikasalia kishada kimoja nyuma ya majani. Nilikikuta kimeiva, nikamkimbilia mama nacho kiganjani, nacheka.

"Mama, tazama, vimekuwa vyekundu."

Alikichukua. Akaangalia barabarani, kisha akakaa chini kwenye vumbi na kanga yake safi.

"Nenda kachote maji, mwanangu," alisema, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Miaka mingi nilidhani alikasirika kwa kuwa nilichuma. Leo nina nyumba yangu na mume wa kusafiri, ndipo nimeelewa, na inaniuma. Vitunda vikiwa vibichi, baba alikuwa bado hajachelewa. Habari kwamba harudi tena nilimpelekea mimi, huku nacheka.