Barafu za Meneja

Meneja alikuwa mbwa mzee wa rangi ya udongo, na jina lake alilipata kwa tabia. Alilala mlangoni pa sebule na kumkagua kila mteja aliyekuja kusukwa, kuanzia viatu mpaka kilemba. Daktari wa mifugo alipomng'oa meno mabovu, alimwambia msusi, mwenye mbwa, amtengenezee barafu za supu awe analamba, zimpoze fizi. Ila chumvi asitie, akamwonya, na kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Msusi alichemsha mapaja ya kuku mpaka nyama ikaachana na mfupa. Akachuja supu, akaiacha ipoe, akaengua mafuta yaliyoganda juu. Nyama akaisaga laini pamoja na boga la kuchemsha, akalainisha kwa ile supu na mtindi kidogo, akamimina kwenye vikombe vya plastiki na kuvipanga kwenye friji, kule juu kwenye barafu.

"Jamani, huyu mbwa anakula kuliko mume wangu," alisema mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Wote wakacheka. Msusi naye alicheka, lakini kicheko kiliishia midomoni, maana chumba cha nyuma alilala baba yake, na baba yake hakuwa akila.

Mzee alikuwa mnadi wa fanicha za mitumba. Enzi zake, sauti yake uliisikia kabla hujalifikia soko, na watu walimwita Spika. Kabati lenye mguu mmoja mbovu angelisifia mpaka mnunuzi alione kama bahati. Kisha likaja donda kooni, likawa saratani. Mionzi ilipokwisha, kilichobaki ni mnong'ono na mdomo uliojaa vidonda. Mate yalimkauka. Nguo zikawa zinamvaa yeye.

Muuguzi wa kliniki aliwaambia wampe vyakula laini. Laini walimpa. Shangazi, dadake mzee, alikuja kila mchana na bakuli la supu iliyokolea ndimu, chumvi na pilipili manga, kwa sababu ndivyo kaka yake alivyoipenda tangu ujanani.

"Kaka, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu."

Mzee alifumba midomo, akageukia ukutani. Shangazi akamgeukia msusi. "Na wewe upo tu hapo na nywele za watu!"

Safari iliyofuata ya kliniki, muuguzi alitazama mizani, akatikisa kichwa. "Mzee akiendelea kushuka hivi, itabidi tumpitishie mpira puani, tumlishe kwa huo."

Mzee alimshika bintiye mkono kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo. "Mpira sitaki," alinong'ona. "Sitaki, mama."

Siku hizohizo barafu za Meneja zikaanza kupungua. Mwanzoni msusi alidhani anasahau, maana akili yake haikuwa imetulia. Mpaka siku moja alipoingia jikoni kuchukua taulo. Akasimama palepale.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya friji, fulana imemning'inia mabegani, kikombe cha plastiki mkononi. Alikuwa analamba taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Miguuni pake Meneja naye alikuwa na chake, amekibana kwa miguu ya mbele. Mzee yuleyule aliyekuwa akifoka kwamba mbwa haingii jikoni!

Msusi alirudi kinyumenyume bila kukanyaga kwa nguvu. Sebuleni alisuka mistari ikaenda upande, ikabidi afumue.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Alinunua vikombe vipya vya njano, akavichemsha, akaviweka mbele, vya mbwa akavisogeza nyuma. Boga akaongeza, kuku akaongeza. Vile vya mbele vikawa vinaondoka. Roho yake ikapata mahali pa kukaa, japo kwa wasiwasi.

Kisha Shangazi akafungua friji kutafuta maji ya baridi.

"Hivi vitu gani vya njano?"

"Vya Meneja, shangazi," alijibu msusi toka sebuleni, mikono imo nyweleni. Alijibu kabla hajafikiri.

Shangazi alikuwa ametoka sasa hivi chumba cha nyuma, na huko alikuwa ameona kikombe cha njano mkononi mwa kaka yake. Sauti ya kuuza makabati ilikuwa ya ukoo mzima, maana alipopaza yake ilijaza nyumba.

"Unamlisha kaka yangu chakula cha mbwa? Mzee wa watu! Chakula cha mbwa!"

Wateja watatu waliinamisha macho. Mmoja alibana pua kuzuia kicheko, kikamponyoka. Kule nyuma kikasikika kikombe kikiwekwa chini, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Toka hapo mzee hakugusa kitu. Alifungua mlango kupokea maji tu, akayanywa kwa kijiko, tena shingo upande. Shangazi naye akaacha kuja. Msusi alipiga hodi, akabembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Usiku hakulala, na mchana akafunga kazi na kuwarudisha wateja.

Mwishowe alipiga moyo konde. Alichukua vikombe viwili, akaketi sakafuni nje ya mlango ule na kuanza kula chake kwa sauti, akisogeza barafu mdomoni.

"Baba, nilikuona jikoni siku ile," alisema. "Nikanyamaza. Hivi vyako nimevitengeneza mbali na vya mbwa. Ni kuku na boga, basi. Mimi nakula hapa."

Halafu kitasa kikazunguka. Mzee alisimama akishikilia fremu ya mlango, macho mekundu.

"Nilijua ni vya mbwa," alinong'ona. Ilibidi msusi asogeze sikio. "Nilikuona ukitengeneza. Hukutia chumvi. Haichomi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Lakini watu wamecheka. Mimi nilikuwa nawachekesha mwenyewe, nikitaka."

Msusi alimpa kikombe, na mzee akakaa chini karibu naye, mifupa ikilia, akala nusu.

Kesho yake msusi alimpigia muuguzi simu, akamweleza yote bila kuficha, akisubiri kukaripiwa. "Mpe," alisema muuguzi. "Chumvi na ndimu ndivyo vilivyokuwa vinamuunguza. Changanya na maziwa mazito, na siagi ya karanga, apate nguvu. Anapoweza kumeza, mpe."

Shangazi, aliyekuwa ameshapelekewa habari, alirudi siku ya kliniki, amebeba boga kubwa kwapani kama mtoto. Hakuomba msamaha, na hakuna aliyemdai. Alilitua mezani, akauliza huku akitazama pembeni, "Hata chembe ya chumvi?"

"Hata chembe, shangazi."

"Haya."

Walikwenda wote watatu. Mzee alipanda kwenye mizani, muuguzi akainama kutazama. Haikuwa imepanda. Haikuwa imeshuka pia. "Mpira tuuache kwanza," alisema, "tuone safari ijayo." Kuhusu donda lenyewe hakusema kitu. Majibu ya kipimo cha baada ya mionzi yalikuwa bado.

Msusi alimwacha baba yake akivaa viatu, akatoka kumpa Shangazi habari. Alimkuta mwisho wa ukumbi, ameelekea dirishani, mtandio kaubana mdomoni, mabega yanaruka.

"Shangazi, mbona hivyo? Haijashuka!"

"Nimesikia," alisema Shangazi. "Nilikuwa nimeshaanza kufikiria tutamzika wapi."

Msusi alimkumbatia, wakasimama hivyo mpaka mzee alipotoka, akiburuza viatu ambavyo hakuweza kufunga kamba. Shangazi aliinama, akamfungia.