Kuku Aliyepikwa na Jua

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa mjini Kakamega, mwanamke aliyenitangulia aliponigeukia na kuniuliza kama nimesikia kwamba yule mzee wa majiko wa Iguhu amefariki. Sikuwa nimesikia. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua zianze. Wasomaji wangu mnajua si kawaida yangu kuwalilia watumishi wa serikali. Leo mtanivumilia.

Nilimfahamu mwanzoni mwa muongo huu, alipokuwa ofisa wa nishati hapa wilayani. Wafadhili walikuwa wamegundua, wakiwa mbali sana, kwamba msitu wetu unakwisha kwa sababu akina mama wanapika. Dawa ililetwa kwa lori: masanduku ya kupikia kwa jua, yenye vioo na karatasi za kung'aa, mazuri kiasi kwamba mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Hakuna aliyetuuliza kuhusu mvua, ambayo hapa kwetu huja karibu kila alasiri bila kuomba kibali cha ofisi yoyote. Rafiki yangu aliyazungusha masanduku yale kutoka Isecheno hadi Bukura, akiinjika maharagwe asubuhi na kuyaipua jioni yakiwa mabichi. "Mzee," mama mmoja wa Iguhu alimwambia nikiwapo, "hii jua yenu inapikanga vizuri. Sasa hii maharagwe tutakula Krismasi ya mwaka huu ama ya mwaka ujao?" Rafiki yangu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaenda kumwambia mkubwa wake kwamba masanduku hayafai hapa. Mkubwa akamjibu kwamba mradi unaendelea vizuri sana, maana wafadhili bado wanaupenda.

Ndipo wageni wakaja, wengine kutoka Nairobi na wengine kutoka ng'ambo, kuona jua likipika katika uwanja wa shule moja. Mbingu zilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Mkubwa hakutishika. Aliagiza kuku achemshwe kwa kuni nyuma ya madarasa na yule mama wa Iguhu, aingizwe kimyakimya ndani ya sanduku, na rafiki yangu atakapofunua, watu wapige makofi. Nilisimama karibu na rafiki yangu. Alikuwa na watoto shuleni na aliishi katika nyumba ya serikali. Akafunua. Mvuke ukapanda, makofi yakaanza.

"Waheshimiwa," akasema, "msilipigie jua makofi. Kuku huyu amepikwa kwa kuni, hapo nyuma, na yule mama. Mtazameni macho, bado yamejaa moshi."

Wageni wakamgeukia mkubwa. Yule yule mama wa maharagwe ndiye aliyetuokoa: "Sasa hii ingokho nirudishe, ama mtakula?" Waheshimiwa walimmaliza kuku yule, pamoja na firigisi. Haukupita muda mrefu, rafiki yangu akahamishwa. Walimpeleka kaskazini kabisa, mahali ambapo jua huwaka kutwa na wingu likionekana watoto hulishangilia. Masanduku yalibaki Kakamega.

Alistaafu mapema akarudi kwao Iguhu. Nilipomtembelea nilimkuta na udongo mpaka viwikoni, akifinyanga pamoja na akina mama wa kijiji majiko yasiyokula kuni nyingi. Mengi yalipasuka mwanzoni, wakayafinyanga upya. Hayakung'aa, na kwa bahati nzuri hakuna aliyekuja kuyazindua. Nilimwuliza kama anajutia siku ile ya kuku.

"Ninajuta," alisema. "Watoto walihama shule. Mke wangu hakunisemesha safari nzima. Lakini ningenyamaza, wangeleta masanduku mengine."

Nguzo za umeme zinapita juu ya mashamba ya Iguhu kwenda kuangaza kwingine. Mafuta ya taa tunaletewa kwa meli, na ushauri wa namna ya kuyaacha tunaletewa kwa ndege. Tunaambiwa nchi inajiandaa kujitegemea kwa nishati. Ninaamini, semina zake nimehudhuria, na chai yake nimekunywa.

Tulimzika Jumamosi. Mkubwa wake wa zamani, ambaye tangu siku ile amepandishwa cheo, alisimama akamsifu marehemu kuwa baba wa upishi wa jua katika magharibi yote. Watu wakatazama chini. Mjane, ambaye hakuwa amepangiwa kusema, akainuka.

"Mume wangu hakupika kwa jua," alisema, sauti yake ikiwa chini. "Alikataa kusema uongo, na tukateseka kwa hiyo. Msimzike na uongo leo."

Mkubwa akaketi. Nami nikatoka pale na funzo ambalo semina zote zile hazikunipa. Mito tunayo, udongo tunao, hata jua tunalo kwa zamu. Kinachotupungukia ni ofisi ambamo mtu anaweza kusema "kitu hiki hakifanyi kazi," na kesho yake akaikuta meza yake mahali alipoiacha.