Sanduku la Mama na Siga za Kaka

Harufu ya siga haipiti, inahamia. Ukiikaribisha sebuleni asubuhi, jioni utaikuta kwenye mapazia, kesho iko kwenye mto, na keshokutwa unaila na ugali. Mimi nauza mashuka ya mitumba Soko la Toi, kwa hiyo pua yangu si ya kudekezwa. Nimefungua marobota yanayonuka panya, dawa ya nondo na jasho la watu nisiowajua, kisha nikala chakula changu cha mchana palepale juu yake. Lakini siga za kaka yangu zilinishinda.

Fungu la kwanza alipewa harusini na tajiri mmoja: sigara za kahawia, nene kama kidole gumba cha fundi. Kabla ya hapo kaka alikuwa mtu wa kawaida. Ana vyumba vya kupangisha Sarang'ombe, Kibera, anagombana na wapangaji juu ya choo, Ijumaa anakwenda msikitini. Baada ya hapo akaanza kutazama video za watu wanaovuta wakiwa wamefumba macho, akaja kutufundisha kwamba siga haitupwi kabatini kama sigara ya dukani. Ikikauka inapasuka, ikilowa inaota ukungu. Inataka kasha lake la mbao, lenye unyevu wa kupimwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wapangaji wake wanapaka rangi juu ya ukungu kila mvua zikiisha, na yeye anatafuta unyevu wa kununua.

Hata hivyo nilikubali kuzunguka naye kulitafuta hilo kasha, na sababu ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimemwona akiligonga-gonga sanduku la mama kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Sanduku hilo ni la mbao za mti wa mtarakwa, mama alitengenezewa alipoolewa. Sisi ni Wanubi wa Kibera, na nyumbani kwetu nguo ya mwanamke haikunjwi kabla ya kufukizwa. Kila Ijumaa mama alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akatandaza gurbaba zake, zile nguo za kujifunga za Kinubi, juu ya moshi, kisha akazikunja zikiwa bado na joto na kuzilaza sandukuni. Tumbaku aliichukia. Mtu akipita uani na sigara, mama alifunga madirisha kwa kishindo ili mwenyewe asikie. Alipofariki, kaka ndiye aliyebaki na nyumba, na sanduku likabaki humo. Mimi nimeolewa Kawangware. Kila Ijumaa nilikwenda Kibera, nikafungua kile kifuniko, nikatia uso wangu ndani, nikafunga. Alikuwa mle. Picha zake ninazo, lakini picha hazinuki.

Basi tukazunguka. Duka la kwanza lilikuwa la watu wa suti, Ngong Road, na makasha yao yanang'aa mpaka unajiona meno. Kaka alichungulia bei, akakohoa, akamwambia muuzaji kwamba rangi hiyo haimpendezi mkewe. Mkewe alikuwa nyumbani na wala hakujua tunatafuta nini.

Tukashuka Toi, kwa mwenzangu anayeuza vyombo na masanduku ya mitumba. Akatutolea kasha zuri, bawaba za shaba, kitambaa chekundu ndani. Kaka akafurahi kama mtoto. Mimi nikavuta kile kitambaa pembeni, na chini yake kulikuwa na mayai ya mende yamepangana kama kunde. Kaka alisema yanaweza kufutwa. Nikamwambia kinywa ni chake, mende pia watakuwa wake.

Ikabaki kuchongesha. Nikampeleka mtaa wa Kongo, karibu na kwangu Kawangware, kwa fundi anayetengeneza vitanda na majeneza. Fundi alitutengenezea kasha safi, limefungana vizuri, nami nikapumua, nikijua sanduku la mama limepona. Lakini kaka hakutaka mbao tupu. Alitaka ling'ae, nje na ndani, wageni wakifungua waone. Fundi alisita, akasema ndani kwa kawaida hapapakwi. Kaka akamwuliza anayelipa ni nani. Kwa hiyo fundi akalipaka ndani vanishi ileile ya majeneza, tabaka juu ya tabaka. Siga mbili zilizolala mle zilitoka zikinuka nyumba ya matanga. Kaka alivuta moja kwa ukaidi, akatapika nyuma ya tangi la maji, na mimi nikashika ndoo nikiwa nimegeuza uso. Hasira yangu haikuwa kwa matapishi. Nilijua sasa anarudi kwenye lile sanduku.

Ijumaa iliyofuata nilikuta gurbaba za mama kwenye mfuko wa nailoni, zimesukumwa chini ya kitanda pamoja na viatu. Sanduku lilikuwa mezani. Ndani siga zimejipanga, na pembeni sifongo iliyolowa kwenye kifuniko cha chupa.

"Sista, usinitazame hivyo. Nimepangusa vizuri na maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, hata videoni wanasema maji yawe safi. Si ni mbao tu?"

"Ni sanduku la mama."

"Mama halitumii tena."

Asiyekuwapo na lake halipo. Nimewasikia watu wakisema hivyo maisha yangu yote, lakini sikuwahi kumwona mtu akiutenda msemo huo kwa kitambaa na maji ya betri. Nilichukua ule mfuko wa nguo nikaondoka. Kwenye nguo zenyewe harufu ilikuwa imekwisha, zilinuka soli za viatu. Nilitema mate mlangoni mwake, na sijutii.

Baadaye akaalika wenye nyumba wenzake, akanipigia nije nisaidie chai na mahamri kwa sababu mkewe alikuwa na homa. Nilikwenda kwa ajili ya mkewe. Wanaume wakajaa sebuleni, kaka akafungua sanduku kwa mikono miwili, akagawa. Wakawasha. Nikajiandaa kuziba pua.

Moshi ulipofika jikoni nikaacha birika. Chini ya tumbaku kulikuwa na udi. Kulikuwa na makaa, na nguo iliyokunjwa ikiwa na joto, na shingo ya mama nilipokuwa mdogo wa kubebwa. Kumbe mbao ilikuwa imezipa siga kila kitu ilichokitunza.

Jirani yetu wa tangu utotoni aliondoa siga mdomoni, akaitazama.

"Hii harufu naijua," akasema. "Ndivyo mama yenu alivyonukia siku za Ijumaa."

 Kaka akaishusha siga yake, macho yamemlowa, akasema ni moshi. Akaizima kwenye kisahani na hakuishika tena. Wale wengine wakaendelea kuvuta, kwa kuwa ilikuwa tamu na ilikuwa ya bure. Wanaume wazima, miguu imenyooshwa kwenye mkeka wa mama yetu, wakimtoa mwenyewe puani na kuzungumza habari za mabati. Nilichukizwa nao. Nilichukizwa na kaka zaidi. Na bado nilisimama palepale mlangoni, mimi ninayefunga madirisha kama mama, nikavuta ule moshi wote niliouweza.

Zilizobaki wageni walizitia mfukoni. Walipoondoka niliinamia sanduku. Lilinuka tumbaku peke yake.

Kaka alikuwa amekaa, anatazama sakafu. Akaniambia nilichukue sanduku, ni langu. Nikamwambia abaki nalo, aweke soksi. Nilichochukua kilikuwa kwenye kisahani: kile kipande cha siga yake, ncha imetafunwa, imelowa mate yake. Nilikifunga ndani ya gurbaba ya mama, nikaenda nacho Kawangware. Ni kitu kichafu kuliko vyote nilivyowahi kuweka kabatini mwangu. Kila Ijumaa nakifungua, nakitia puani, na nyuma ya mate ya kaka yangu, mama bado yupo kidogo.