Karai Mlangoni mwa Boma

Huku kwetu, kaskazini mwa Kitui, polisi niliowajua zaidi walikuwa majirani: marizavu, wakulima wa ndengu kama mimi, waliopewa bunduki ya serikali na kuambiwa watulinde. Kituo kiko Kyuso, mbali, na gari lake likitoka hufika likiwa limechelewa. Namshukuru Mungu kwa watu wale.

Asubuhi moja mjane wa karibu nami alikuta boma lake la mbuzi tupu, akapiga nduru. Kwetu, anayesikia nduru haulizi, anakimbia. Rizavu wetu alitangulia. Aliona alama moja ya mguu mlangoni mwa boma, akaifunika kwa karai la mjane. Mimi nilifika nyuma yake.

"Mzee, kaa hapa," aliniambia. "Nikisema mimi kilicho chini, watadai wenye ngamia, wanaolaumiwa kila mbuzi wakipotea, wamenihonga. Napanda kilimani kutafuta netiwaki niwapigie polisi. Karai lisiguswe."

Wengine walipofika walikanyaga kila mahali. Akina mama wa kanisa walipiga magoti palepale mbuzi walipopita, wakaomba Mungu afichue mwizi, na kwa magoti yao wakafuta alama zote zilizobaki.

Kisha vijana wakaja wakimburuta mchunga ngamia, Mwislamu aliyekuwa akinisalimu kila tulipokutana kisimani. Walimkuta dukani akinunua sukari. Wakamfunga mikono, wakamtupa karibu nami.

"Mzee, Bwana asifiwe," alisema mmoja wao, mwenye mtungi wa petroli. "Tupishe kidogo."

"Asifiwe, mwanangu. Nimeketi."

"Unamlinda mwizi?"

"Nalinda karai."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Jua lilipanda. Mchunga ngamia alikuwa akisali chini kwa chini, midomo imekauka, na mimi nikasali kwa njia yangu. Kila mara duara lilisogea kidogo. Hakuna aliyeonekana akipiga hatua, lakini vivuli vyao vilikuwa vimefika magotini mwangu. Harufu ya petroli ilizidi kunikaribia.

Gari la polisi lilifika, rizavu wetu akiwa ndani yake. Sajini, mwanamke mpole wa sauti, alisikiliza maneno ya rizavu, kisha akainua karai mbele ya wote.

"Hii ni akala," alisema. Akaelekeza kidole kwenye miguu ya mchunga ngamia. "Huyu amevaa plastiki, tena mguu wake ni mdogo. Mfungueni."

Karibu nusu yetu tulivaa akala, hizo ndala za tairi. Kila mtu aliinamisha macho kwenye miguu yake, kisha kwenye ya jirani. Macho yakazunguka hadi yakatua mahali pamoja.

Yule wa mtungi alikuwa peku.

"Ndugu yangu," rizavu alimwuliza taratibu, "jana nilikuona na akala. Leo umepitaje kwenye miiba yote hii bila viatu?"

Mtungi ulimponyoka, ukalala kando, petroli ikinywewa na mchanga. Mtu nyuma yangu akaokota jiwe. Mwingine akaokota. Duara lile lile, watu wale wale walioomba kwa magoti, likaanza kusogea upande wake, na polisi walikuwa wachache.

Nilimwacha mchunga ngamia akijisugua mikono. Nikaenda nikaketi mbele ya miguu ile mitupu, nikiomba Mungu anipe tena subira niliyokuwa nimemaliza.