Samaki Waliopandishwa Polepole

Akina mama wa Swima, kijiji chetu kando ya ziwa, waliniambia usoni kwamba sitaweza. Nilikuwa mtoto wa vidole vyembamba, nimechuchumaa ufukweni penye harufu ya petroli na dagaa wabichi, sindano ya dawa mkononi, na mbele yangu, ndani ya beseni, samaki amelala tumbo juu. "Huyu mutoto ataua samaki ya batu," alisema mmoja wao huku akianika dagaa. "Angalia mukono yake, inatetemeka sawa ya mulevi!" Wenzake wakacheka. Leo wale waliobaki hai wananiita dokta, na wao ndio wanaowahi kunisalimu. Nayasema haya bila haya, kwa sababu hakuna aliyenibeba. Wakati wa vita nilivuka ziwa bila viatu, nikasomea mambo ya samaki Kigoma, ng'ambo ile, kisha nikarudi upande wetu, mjini Baraka, na diploma yangu, na sikuwa na mjomba serikalini. Lakini kazi yenyewe nilikuwa nimeianza zamani, pale mchangani, chini ya Alimasi, yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa.

Msimu ule alikuwa amekuja mfanyabiashara aliyetaka samaki hai, si wa kula bali wa kutazamwa, kwa ajili ya watu wa mbali wanaowafuga ndani ya masanduku ya kioo. Kijiji kizima kilimcheka, lakini Alimasi alikubali kazi. Alizama mpaka mahali ambapo mwanga wa jua huwa mchache, mrija wa mpira mdomoni, akivuta hewa iliyosukumwa na kompresa iliyonguruma ndani ya mtumbwi kutwa nzima. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni kinachomsaidia kukaa sawa majini. Kule chini, uzito wa maji hukibana. Ukimpandisha samaki kwa haraka, hewa ile huvimba, tumbo hukaza kama ngoma, macho humtoka, naye huelea kichwa upande kama aliyekufa. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilimshika kwa kitambaa kilicholowa, nikapitisha sindano kwa mshazari chini ya gamba, nyuma ya pezi la ubavuni, nikangoja mpaka vipovu vidogo vianze kutoka. Samaki wangu wa kwanza alitetemeka, akainama, akajinyoosha, akaogelea kuzunguka beseni. Akina mama waliacha dagaa wao, wakasogea kutazama. "Mumeona?" yaya aliwapigia kelele. "Dogo yangu iko dokta! Leteni na bamari yenu atibie!" Yaani waume zao.

Samaki wakubwa wenye mistari ya buluu na paji lililotokeza walikuwa shida nyingine. Wao wanaishi chini zaidi, na sindano iliwaua. Kwa hiyo Alimasi aliwaweka ndani ya pipa lenye matundu, akalifunga kwa kamba, akalipandisha kidogo na kuliacha likining'inia majini. Kesho yake alilipandisha kidogo tena, ili hewa ya tumboni ipate muda wa kupungua yenyewe. Sijamwona mtu mwenye subira kama ile. Yeye mwenyewe, akimaliza kufunga kamba, alipanda juu kwa mkupuo mmoja, akacheka, akatikisa maji masikioni. Jioni alilalamikia maumivu ya magoti na mabega. Mama alimsugua kwa mawese akisema ni baridi ya ziwa, na sote tuliamini hivyo.

Siku moja alikuwa chini, karibu na pipa, kompresa ikazimika. Naukumbuka ule ukimya kuliko kelele zote za utoto wangu. Alimasi alichomoka juu akihema, wakamvuta mtumbwini, akasema hana neno. Tulipofika ufukweni miguu yake ilikataa kusimama. Sisi tulikuwa watu wa samaki, tukamfikiria kama samaki: hewa imejaa tumboni. Akina mama wakambana tumbo, wakamnywesha maji ya chumvi, wakamgeuza huku na huku ili ateuke. Yeye akaniita.

"Dogo, leta sindano yako. Toboa mi."

"Fasi gani, yaya?"

"Sijue. We njo dokta, si mi."

Nililigusa tumbo lake kutafuta mahali. Lilikuwa laini. Hakukuwa na kitu cha kutoboa. Miaka mingi baadaye, darasani Kigoma, mwalimu alieleza jinsi hewa inavyochemka ndani ya damu ya mpiga mbizi anayepanda haraka, mahali ambapo sindano yangu isingefika. Nikatoka nje, nikakaa juani mpaka kipindi kikaisha. Siku ileile yaya alifariki njiani, wakimpeleka hospitali ya Nundu kwa machela, kabla jua halijazama.

Pipa lilibaki majini. Msiba ulipokwisha, baba mdogo alisema si vizuri kuwaacha viumbe wale wafie ndani, akalipandisha hatua iliyobaki kama Alimasi alivyofanya, bila haraka. Nilisubiri na beseni na sindano. Alipofungua kifuniko, samaki wote walikuwa wamesimama sawa ndani ya maji, mistari yao inang'aa, midomo inafunguka na kufungika. Hakuna hata mmoja aliyenihitaji. Mama alijifunika uso kwa kitenge, akaondoka.

Leo nina matangi ya vioo ukuta mzima, na wenye hoteli na matajiri wa Baraka huniletea samaki wao walioelemea upande. Sindano ni nadra kuishika. Namnyima samaki chakula, napunguza kina cha maji, nayasafisha, nayapasha joto, kisha nampa njegere iliyochemshwa na kumenywa. Wengi hurudi sawa. Mzamiaji anayetaka kuniuzia lazima apande kwa kusimamasimama kwenye kamba kama pipa. Vijana hunicheka: "Dokta anaogopa maji!" Nawaacha wacheke, na asiyefuata simnunulii. Mama sasa ni mzee, naishi naye. Huja akiegemea ukuta, na akiona samaki ameelea tumbo juu, huuliza tu, "Ule atasimama?" Namjibu, "Atasimama, mama." Na anaposimama kweli, nikamwita aje aone, mama hutoka nje, kitenge usoni.