Kambi ya Ghala la Mpunga

Usiku ule Ursula hakulala, na kilichomnyima usingizi ni simu isiyokuwa yake. Majina ya watoto watakaoingia kambi ya mtihani yangetumwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na simu ya Ursula ni ya kupiga na kupokea tu, yenye tochi. Kwa hiyo alihamia kwa jirani yake Devota, akaketi kwenye kigoda, akaitazama simu ya mwenzake kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Devota alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Saa sita kasoro orodha ikaingia. Devota aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Kidato cha nne walikuwa watoto hamsini na wanane. Waliochukuliwa kambini walikuwa arobaini na mmoja. Brigitha, binti yake Ursula, hakuwamo.

"Labda wamemsahau," Devota akasema.

"Hawajamsahau," Ursula akajibu, akafunga kanga yake vizuri na kurudi nyumbani.

Alijua sababu. Katika mtihani wa majaribio wa Agosti, Brigitha alikuwa akitoka chumbani baada ya dakika arobaini. Si somo moja, manne. Akapata sifuri. Alipobanwa sana alimweleza mama yake kwamba akiona swali la kwanza halijui, maswali yote yanageuka ukungu, na kukaa pale akiwatazama wenzake wanaandika ni aibu kubwa kuliko kutoka.

Asubuhi Ursula alikwenda shuleni. Mwalimu Adolf, mkuu wa shule, ni kijana tu mbele yake. Alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamkatalia kwa heshima zilezile. Walimu ni wachache, akasema, na wiki zimebaki tano. Kambi ni ya wale wenye dalili ya kufaulu. Wengine wajisomee nyumbani, siku ya mtihani waje kama kawaida, chumba ni cha wote. Ursula akauliza watajisomea saa ngapi, nyumbani ambako mashamba yanaanza kusafishwa na kila jembe linatafuta mkono. Mwalimu akasema hilo sasa ni la wazazi.

"Haya," Ursula akasema. "La wazazi nimelichukua."

Shule yake mwenyewe iliishia darasa la saba, kule upande wa Mahenge. Lakini miaka kumi na minne amefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Mchombe, kuanika, kugeuza, kuchambua mawe. Mwenye mashine, Hermenegildi, mzee wa maneno machache, alimsikiliza huku akifuta grisi mikononi. Mwezi wa kumi ghala lake hubaki karibu tupu. Alikuwa na swali moja: nani atafundisha?

"Hakuna," Ursula akasema. "Mimi nitawafundisha kukaa."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akampa ufunguo.

Walikuja watoto kumi na wawili kati ya wale kumi na saba walioachwa. Ursula alipanga magunia ya pumba kuwa viti na mbao kuwa meza, mmoja mbali na mwenzake hatua tatu, akapima kwa miguu yake. Ukutani alitundika saa ya sebuleni kwake. Saa mbili kamili asubuhi mlango unafungwa, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zinageuzwa, na hakuna kunyanyuka mpaka saa tano. Anayejua aandike. Asiyejua akae. Yeye mwenyewe alikaa mbele na ungo wake wa mchele, anachambua, macho kwao.

Siku ya kwanza alikosea. Aliona haifai mtoto aende vitani na njaa, akawapikia wali wa nazi asubuhi, na sahani zilijaa kama za harusi. Saa tatu na nusu watoto saba walikuwa wamelala juu ya mbao, mmoja anakoroma waziwazi. Brigitha akamwambia mama yake kwamba wakifanya hivyo Novemba, serikali itadhani kijiji kimewekewa dawa. Kuanzia kesho yake ikawa uji mwepesi na kitumbua kimoja.

Brigitha alikuwa wa kwanza kunyanyuka, siku ya pili, dakika ya arobaini kama kawaida yake. Ursula hakumkaripia. Aliinuka na ungo, akauweka juu ya karatasi yake.

"Hapa kuna mchele na mawe. Mimi naanza na jiwe?"

"Hapana, mama."

"Naanza na nini?"

"Na ule msafi. Unausogeza pembeni."

"Basi sogeza msafi. Mawe yatakusubiri, hayana miguu."

Binti akaketi. Hakuandika siku ile zaidi ya mistari sita, lakini alikaa. Wiki ya pili alikuwa anapindua karatasi yote kwanza, anaweka alama ndogo kwenye yale anayoyajua, wala si mengi.

Majibu waliyapata kwa njia yao. Eveline, rafiki yake Brigitha aliyekuwa kambini, kila jioni alipitisha daftari la masahihisho kwenye uzio wa shule, na asubuhi lilirudi likiwa limefungwa pamoja na vitumbua. Ikaendelea hivyo hadi daftari moja liliporudi na madoa ya mafuta. Mwalimu Adolf akafuata harufu, kama Devota alivyosimulia baadaye, mpaka mlangoni mwa ghala.

Aliwakuta katikati ya mtihani. Akauliza kwa sauti ya chini nani ametoa kibali. Ursula akatoka nje naye, akarudishia mlango, akasimama kati ya mwalimu na mlango. Hana kibali, akasema. Ana ghala na ana saa. Kama kuna sheria inayomkataza mtoto kukaa kimya saa tatu, aletewe aisome.

"Mama Brigitha, unawapa matumaini bure. Wamepimwa, matokeo tunayo."

"Wamepimwa mara moja, mwalimu. Hapa mpunga wenyewe tunaung'ata punje mara tatu, siku tatu, kabla hatujasema huu haukoboleki."

Mwalimu alitazama dirishani. Vichwa kumi na viwili viliinama. Akasema asisikie tena habari za daftari kwenye uzio. Ursula akasema amesikia, hakusema amekubali. Jioni ile Eveline alipita mwenyewe, kavaa nguo za nyumbani, daftari kalificha tumboni.

Siku ya Hisabati, Novemba, Ursula aliwasindikiza mpaka lango la shule. Askari mwenye bunduki akamwambia wazazi mwisho hapo. Akavuka barabara, akasimama upande wa pili, ambapo mlango wa chumba cha mtihani ulionekana vizuri kati ya miti miwili ya uzio. Upepo ulikuwa unarusha karatasi, msimamizi akaurudishia mlango. Askari akavuka, akamwambia hata hapo asisimame.

"Barabara ya nani hii, baba?"

"Ya serikali."

"Na mimi wa serikali. Nalipa kodi kwenye kila kilo ya sukari. Endelea na kazi yako."

Askari akamtazama, akarudi langoni.

Ursula aliukazia macho mlango. Hakujua Hisabati ina maswali mangapi wala Brigitha amekuta mangapi ya kusogeza pembeni. Saa tatu kasoro dakika ishirini, dakika ileile ya arobaini, mlango ulifunguka. Ursula akashika waya wa uzio wa nyumba iliyokuwa nyuma yake. Akatoka mvulana mmoja wa kambini kwa Mwalimu Adolf, mikono mfukoni, akienda zake taratibu chooni au nyumbani, Ursula hakujali. Mlango ukarudishiwa.

Ikafika saa tatu. Ikafika saa tatu na nusu, jua likamgeukia usoni, hakuhama. Saa nne Devota alimletea maji, akamwuliza vipi. Ursula akamwonyesha kwa kidevu.

Mlango ulikuwa umefungwa.